Rupia ya Mchangaji

Kwetu mchango una adabu zake. Ukichangia harusi, unapewa kadi. Ukichangia msiba, jina lako linaandikwa daftarini. Ukichangia kisima, una haki ya kuuliza maji yatatoka lini. Ndiyo maana, kila ninaposoma habari za Odessa, kikundi cha filamu kilichoanzishwa mwaka 1984 huko Kozhikode, katika jimbo la Kerala nchini India, sishughulishwi sana na swali linalopendwa na wahakiki, kwamba mwongozaji wake alikuwa gwiji au mlevi wa sanaa. Ninataka kujua watu waliotoa rupia zao walirudishiwa nini.

Kozhikode ni mji wa pwani ya Malabar, ule ule ambao Vasco da Gama aliufikia mwaka 1498 baada ya kupewa rubani Malindi. Kwa sinema haukuwa Mumbai wala Chennai. Hata hivyo Kerala ilikuwa imeshazoea vyama vya filamu. Satyajit Ray na wenzake walianzisha chama chao Calcutta mwaka 1947, na mwaka 1965 Adoor Gopalakrishnan na rafiki zake wakaanzisha Chitralekha mjini Thiruvananthapuram. Kazi ya vyama hivi ilikuwa ya kujitolea: wanachama wanalipa ada, wanatafuta nakala za filamu ambazo kumbi za biashara hazizitaki, wanatazama, kisha wanabishana hadi usiku. Chitralekha ilikwenda mbali zaidi. Iliunda ushirika wa kutengeneza filamu, na mwaka 1972 ikatoa Swayamvaram, iliyoshinda tuzo ya taifa ya filamu bora.

Odessa ilichukua njia nyingine. John Abraham, aliyezaliwa mwaka 1937 na kusomea filamu Pune chini ya Ritwik Ghatak, alikuwa tayari ametengeneza filamu kadhaa, mojawapo ikiwa ya mwaka 1977 kuhusu punda anayeingia katika kijiji cha Wabrahmini na kukivuruga. Yeye na wenzake waliamua kwamba filamu ijayo haitalipiwa na tajiri. Walikwenda kijiji hadi kijiji wakipiga ngoma, wakiigiza michezo mifupi barabarani, wakionyesha The Kid ya Charlie Chaplin, kisha wakiomba kila mtu atoe alichonacho, hata rupia moja.

Tuna msemo wa kutembeza bakuli, na kwa kawaida tunautumia kwa dharau, kwa viongozi wanaokwenda Ulaya kuomba misaada. Odessa waliligeuza bakuli. Walilipeleka kwa watu wenye kidogo, na hilo lilibadilisha anayepaswa kujibiwa. Mfadhili mkubwa hutaka ripoti. Mwanakijiji aliyetoa rupia moja hutaka kuiona filamu, basi. Na waliionyesha: filamu ilipokamilika mwaka 1986 hawakuiuza kwa kumbi za biashara, bali waliizungusha kwa watu bila kiingilio.

Filamu yenyewe ni Amma Ariyan, jina lenye maana ya taarifa kwa mama. Purushan, kijana anayejiandaa kwenda Delhi kusoma, amemwahidi mama yake kwamba atamwandikia. Akiwa njiani anaona polisi wakishughulikia maiti ya mtu aliyejinyonga, na sura ile haimpi usingizi. Anagundua kuwa ni Hari, mpiga tabla aliyekuwa mwanaharakati. Safari ya Delhi inasahaulika. Anaanza kutoka milima ya Wayanad kuelekea Kochi, kwenda kumwarifu mama yake Hari, na kila mji anaopita anamchukua rafiki mwingine wa marehemu. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa kundi.

Nimeitazama mara mbili kwenye kompyuta yangu, na mara ya pili ndipo nilipoona kwamba hadithi hiyo imechukua umbo la mchango wenyewe. Filamu iliyokusanywa mlango kwa mlango inasimulia watu wanaokusanywa mlango kwa mlango. Ndani yake mnaingia migomo, wavunja mawe, wanafunzi wa udaktari wanaoandamana, vipande ambavyo wakati mwingine huwezi kujua kama ni habari au ni maigizo. Wengi husema filamu ni ngumu mno kwa wanakijiji. Sikubali. Wanakijiji wa Kerala waliyajua mapambano yale kwa ngozi zao. Anayehitaji maelezo pembeni ni mimi, miaka mingi baadaye, nikiwa na shahada ya kwanza na ya pili njiani.

Udhaifu wa filamu ninauona kwingine. Wanaotembea karibu wote ni vijana wa kiume. Akina mama wanafungua milango, wanasikiliza, wanaaga. Filamu iliyopewa jina lao inawapa kazi ya kupokea taarifa tu, haiwaulizi wao wana taarifa gani. Na kasoro hiyo imeingia hata katika namna tunavyoisimulia historia ya Odessa. John Abraham alifariki mwaka 1987 baada ya kuanguka kutoka kwenye jengo huko Kozhikode, na tangu hapo visa vyake vimekuwa vingi kuliko vya kikundi. Ninaweza kumtaja mpiga picha wa filamu hiyo, Venu. Mhariri, Bina Paul. Mwigizaji mkuu, Joy Mathew. Mtu aliyetoa rupia simjui hata mmoja. Nani alipika wageni walipofika kijijini? Nani alibeba projekta? Uhakiki unaomsifu mwongozaji peke yake unakula mchango wa watu bila kuandika majina daftarini.

Haya kwangu si mambo ya maktaba tu. Kikundi chetu cha filamu chuoni, watu tisa wenye projekta ya kuazima na shuka jeupe, kimepata kampuni iliyo tayari kutulipia ukumbi mwaka mzima, kwa sharti moja: orodha ya filamu ipite kwao kwanza. Wenzangu watano wanataka tukubali, na hoja yao ina uzito, kwa sababu shuka limechanika na watu hawakai mvua ikinyesha. Wananiambia Odessa ilitoa filamu moja kubwa na mwongozaji akafa. Hiyo ni njia gani ya kuendesha chama?

Jibu langu ni kwamba chama hakipimwi kwa umri wake tu, kinapimwa pia kwa anayeweza kukisimamisha na kukiuliza. Kampuni ikilipa, atakayeuliza ni kampuni. Nimependekeza tutembeze bakuli kwanza, katika mabweni, kwenye vibanda umiza vya nyuma ya soko, kwa mama lishe wanaotulisha kwa mkopo, na kila anayetoa, hata shilingi mia mbili, jina lake lisomwe kabla taa hazijazimwa. Kura itapigwa Ijumaa. Daftari nimeshalinunua.