Randa Haitaki Hasira

Kisu cha randa ya mkono kikichomoza kupita kiasi, hata kwa unene wa unywele, kinazama ubaoni na randa inakwama. Kikirudi ndani kidogo, randa inateleza juu ya ubao bila kukwangua kitu, na aliyeishika anatoka jasho bure. Mahali panapofaa ni pamoja tu, na pako kati ya hapo.

Randa nyingi za chuma zinafuata muundo wa Leonard Bailey, Mmarekani ambaye hataza zake zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869. Nyuma ya kisu kuna kigurudumu cha kukisogeza mbele na nyuma. Kina ukaidi wake: ukibadili upande wa kukizungusha, kwanza kinazunguka bure, kisu hakitikisiki. Kijana mgeni wa karakana hudhani kimeharibika. Anakizungusha kwa hasira, kinashika ghafla, na kisu kinatoka chote kama mbwa aliyefunguliwa mlango. Pigo linalofuata linang'oa kibanzi kirefu katikati ya ubao uliokuwa uwe mlango wa kabati la watu.

Seremala ninayependa kumtazama, mzee mmoja wa Keko, Dar es Salaam, hagombani na kigurudumu. Anakirudisha kisu ndani kabisa, kisha anakileta mbele polepole, na siku zote humalizia kwa kukileta mbele ili ule mchezo wa kigurudumu uwe umekwisha. Anaigeuza randa tumbo juu, anafumba jicho moja na kutazama kwenye mwanga. Upande mmoja wa kisu umetangulia? Anagusa wenzo mdogo ulio nyuma yake. Anatazama tena. Mteja aliyekuja kuulizia kitanda chake anakohoa makusudi. Mzee haonekani kusikia. Ndipo anaiweka randa kwenye mninga na kusukuma mara moja, na randa la mbao linatoka refu, jepesi, limejiviringa, unaweza kuona mkono kupitia ndani yake.

Kabla ya hapo palikuwa na kinoo. Kisu hunolewa kwa mafuta kidogo, pembe ileile, mpaka uzi mwembamba wa chuma ujikunje upande wa pili. Huuoni, unaugusa kwa kidole. Kisha kinageuzwa, kinalazwa bapa, uzi unaondolewa. Baadhi ya mafundi hupima makali kwa kunyoa nywele za mkono, ndiyo maana utakuta fundi mwenye mkono mmoja wenye manyoya na mwingine laini kama wa mtoto. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sina ugomvi nao shambani, lakini kwenye useremala naona waliteleza. Seremala asiyejali kisu chake atakuuzia msasa badala ya kazi: atasugua mpaka jioni kuficha mikwaruzo, na ukipaka vanishi yote itajitokeza.

Mbao nazo zina tabia. Mninga ni mpole. Mtiki una chembe ngumu zilezile zinazopatikana kwenye mchanga, kwa hiyo unakula makali hata ukiwa umenoa vizuri. Mwenye visa kuliko wote ni mvule. Nyuzi zake zinapishana, safu moja ikielekea huku na nyingine kule, hivyo ukiranda kwa kufuata nyuzi hapa, hatua moja mbele tayari unazipinga. Zaidi ya hayo, mvule hukusanya chokaa ndani ya shina lake, nayo huganda ikawa jiwe. Kwa nje hulioni. Wenye uzoefu hushuku pale mbao inapobadilika rangi na kuwa nyeusi kuliko sehemu nyingine. Wengine hupata habari zake msumeno unapotoa cheche.

Na msumeno ukishapoteza makali, kuna asubuhi nzima ya tupa. Meno ya msumeno wa mkono yanapindwa moja kulia, moja kushoto, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko bamba la msumeno lenyewe. Meno yakinyooka, msumeno unabanwa ubaoni, hauendi wala haurudi. Basi fundi anayapinda upya moja baada ya jingine, kisha anapitisha tupa ya pembetatu katika kila pengo, kwa kwenda mbele tu, kwa sababu tupa ikiburutwa kurudi inajiua yenyewe. Kelele yake inafika mpaka kwenye fizi. Mama anayeuza chapati jirani huongeza sauti ya redio.

Chombo kinachoonewa kuliko vyote nadhani ni tepu. Ile ndoano ya mwanzoni inachezacheza, na vijana wenye bidii huigonga nyundo ili itulie. Kumbe imelegezwa makusudi: inasogea kiasi cha unene wake, ili kipimo kiwe sawa ukiwa umeiangika ukingoni mwa ubao au umeisukumiza ukutani. Tepu ikishatengenezwa hivyo, droo hazitaingia, na lawama zote zitaenda kwa mbao kwamba zimevimba na mvua.

Umeme ukiwepo, mashine inaranda kwa dakika chache kazi ambayo mkono ungeifanya mpaka mchana, na mzee anaitumia bila haya. Ukikatika, vijana wanakaa kwenye gogo na simu zao, naye anashusha randa kutoka rafuni.

Pembeni, kwenye msumari karibu na mlango, ananing'iniza msumeno wenye mpini uliofungwa waya. Huo ni wa majirani. Wanauazima kukatia matawi ya mwembe na mbao zilizojaa misumari ya zamani, wanaurudisha jioni wakimshukuru kwa kuuweka mkali, naye anawajibu kwamba ndio anaoutegemea.