Miisho ya Huzuni na Lawama kwa Kezilahabi

Miongoni mwa wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wapo waliomlaumu Euphrase Kezilahabi kuwa ni mtunzi wa kukata tamaa. Ushahidi wao ni miisho: Rosa katika Rosa Mistika (1971) anajiua, Kazimoto katika Kichwamaji (1974) anajiua, Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975) anaishia kitanzini. Fasihi, wasema, yapasa kumwonyesha msomaji njia ya kutokea.

Tuichukue Kichwamaji, kwa kuwa ndiyo inayokaribia zaidi hadithi ya kutisha. Mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi twamwona kwanza nyumbani kwa Manase, na hapo hofu bado ni ya nyumba ya watu. Kisha Sabina, mke wa Kazimoto, naye anajifungua mtoto wa namna hiyohiyo. Katika ngano zetu za mazimwi, zimwi hupasuliwa na waliomezwa wakatoka wazima, na mtoto anayesikiliza akapata usingizi. Ngano hiyo ina haki ya kumalizika hivyo, maana adui wake hutoka porini na panga humweza. Katika Kichwamaji hakuna cha kupasua. Maradhi yamepita katika miili ya watu wanaotamaniana na kupendana, na Kazimoto, kijana msomi wa chuo kikuu, ndiye aliyeyafungulia mlango wa nyumba yake. Lau mtunzi angempa Sabina mtoto mzima katika kurasa za mwisho, vitisho vyote vilivyotangulia vingegeuka kuwa mzaha.

Shaaban Robert, katika Kusadikika (1951), anamwokoa Karama pamoja na wajumbe waliofungwa. Mwisho ule unafaa kwa kitabu kinachoamini kwamba hoja njema yaweza kumshinda mtawala. Kezilahabi haandiki juu ya hoja iliyokosa msikilizaji. Anaandika juu ya jambo ambalo hakuna aliyelisema kwa wakati wake, na huruma ya ukurasa wa mwisho isingelifuta.

Hatusemi kwamba kila maiti ni sanaa. Kasoro ya Kichwamaji, kwa maoni yetu, ni kuwa Kazimoto ahubiri mno juu ya maisha yasiyo na maana, hata msomaji akadhani kuwa falsafa ndiyo iliyomuua. Yule mtoto alitosha. Msomaji anayefunga kitabu kwa hasira, akiuliza kwa nini Manase hakusema mapema, hakukata tamaa hata kidogo.