Hongera kwa Rubani Anayesoma

Baadhi ya wageni wanaokwenda msitu wa Jozani kutazama kima punju huingia Unguja kwa Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja inayovuka bahari kutoka Dar es Salaam kwa dakika 20 hivi. Wachache hukumbuka kumshukuru rubani. Mimi namshukuru, hasa yule ambaye hakuacha kusoma alipopata leseni.

Mwaka 1944 Wolfgang Langewiesche alichapisha Marekani kitabu Stick and Rudder, na marubani wanakisoma mpaka leo. Kinafundisha jicho. Ndege inaposhuka, ile sehemu ya ardhi isiyosogea kwenye kioo cha mbele ndiko inakoelekea. Pale unapotaka kutua pakipanda kiooni, hutafika; pakishuka, utapapita.

Halafu kuna upepo wa kusi. Njia ya kurukia ya uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, imelala kaskazini kwa kusini, na upepo huo huvuma kutoka kusini-mashariki. Anayetua akielekea kusini hupigwa ubavuni, upande wa kushoto. Basi huinamisha kidogo bawa la kushoto, hukanyaga pedali ya kulia ili pua inyooke, na gurudumu la kushoto hutangulia kugusa lami. Mikono hujifunza hayo kwa mazoezi, lakini aliyesoma anajua kwa nini anafanya hivyo, na upepo ukigeuka ghafla habahatishi. Kazi yote hiyo hufanyika abiria wakipiga picha dirishani.