Tupa Hairudishi

Tazama baiskeli ya mizigo itokayo Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kuelekea Iyolwa, magunia ya mihogo mikavu yamefungwa kwa mipira kwenye keria. Mara nyingi si baiskeli moja. Fremu ni ya Kiingereza, ya enzi za babu. Ekseli ya katikati ni ya India. Kranki, ile mikono inayoshika pedeli, ni za China. Kila kipande kilitoka kiwandani kikiwa na vipimo vyake sahihi, lakini vikikutana vinagombana. Anayevipatanisha ni fundi baiskeli aliyekaa chini ya mwembe, na ukitaka kuujua ufundi wake usiangalie rangi wala kengele. Angalia kotapini, kile kipini cha chuma kisichozidi urefu wa kidole kinachoifunga kranki kwenye ekseli.

Wazo kwamba kipuri chochote kiingie mahali pake bila kuguswa lilikomaa katika viwanda vya bunduki. Kampuni ya BSA iliyounda baiskeli nyingi za kale ilianzishwa na mafundi bunduki wa Birmingham mwaka 1861, na nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Hata hivyo, kwenye bunduki nako tupa haijastaafu. Shabaha ya mbele ya bunduki ya M16 hushikiliwa kwenye mtutu na pini zilizochongoka kidogo upande mmoja, na mtu anayeweka kishikio kipya cha mbele kilicho kirefu zaidi mara nyingi hukipunguza kile kitako cha shabaha mpaka kishikio kipite. Kipya kinapokutana na cha zamani, lazima kimoja kikubali kupungua. Hekima ni kuchagua kipi.

Kwenye baiskeli, chaguo ni pini. Ekseli ni ghali na kuitoa ni kazi ndefu yenye grisi na gololi. Kranki nayo ina bei. Pini ni rahisi, na chuma chake ni laini kuliko cha ekseli. Kwa hiyo fundi haigusi ekseli hata kidogo. Anaichonga pini iifuate.

Pini hiyo ni kabari, kama ile inayokaza jembe kwenye mpini. Ni ya mviringo, ila upande mmoja umepigwa bapa kwa mshazari. Bapa hilo hulalia bapa jingine lililokatwa kwenye ekseli. Pini ikiwa nene, haizami vya kutosha na nyuzi zake hazitokezi upande wa pili, nati haina pa kushika. Ikiwa nyembamba, inazama yote, nati inafika mwisho, na kranki bado inacheza. Mshazari ukikosewa, vyuma vinagusana ukingoni tu. Ukingo unasagika, na baada ya siku chache kila mzunguko wa pedeli unagonga ko, ko, ko.

Ndiyo maana fundi mzuri hana haraka. Huipaka pini masizi au grisi chafu, huiingiza, huigonga kidogo, kisha huitoa aitazame. Palipong'aa ndipo panapogusa, na hapo tu ndipo tupa inapopita. Husukuma mbele kwa mikono miwili, huinua, hurudi bila kukwaruza. Mara mbili, tatu, kisha anajaribu tena. Asiye na jiriwa huishika pini kwa koleo juu ya gogo, na bapa hutoka nyoofu vilevile. Tupa hula, hairudishi. Kila mkwaruzo wa ziada ni pini nyingine ya kununua.

Kisha anakuja pacha wake, maana kranki ni mbili. Pini mbili zikichongwa kwa mishazari tofauti, pedeli haziwi tena kwenye mstari mmoja na baiskeli inachechemea. Zaidi ya hapo, lazima ziingizwe kwa mwelekeo mmoja: kranki ya kulia ikisimama juu na nati yake ikatazama nyuma, ya kushoto nayo ikifika juu iwe vivyo hivyo. Wenye pupa hukosea hapa.

Mwisho ni nyundo. Kabla ya kupiga, fundi husimamisha kipande cha bomba chini ya kranki, ili pigo liishie ardhini badala ya kwenye gololi. Hupiga mara chache kwa uzito. Nati haivuti pini. Inailinda tu isirudi nyuma.

Yote haya yanastahili uangalifu kwa sababu ya hesabu moja. Kranki ina urefu wa milimita 165 hivi, na ekseli ina unene wa takriban milimita 16, hivyo pini iko umbali wa nusu tu ya unene huo kutoka katikati. Mwendeshaji akisimama juu ya pedeli kupanda mlima, uzito wake hufika kwenye pini ukiwa umezidishwa karibu mara 20. Mtu wa kilo 60 anaibana pini ile kwa nguvu ya zaidi ya tani moja, na bapa la upana wa ukucha ndilo linalostahimili.

Eneo hili halikuanza kujua chuma juzi. Wahunzi wa Samia, kwenye vilima vinavyokatwa na mpaka wa Kenya na Uganda, walisifika kwa majembe yao kabla ya baiskeli kuonekana. Wao waliyeyusha na kufua. Fundi wa leo hupunguza na kulinganisha. Heshima ni ileile.

Pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini pini bado zinachongwa, na mteja anaweza kumpima fundi wake kwa neno moja la kuagana. Pini mpya hujilaza zaidi ikishabeba mzigo. Fundi anayekwambia urudi baada ya siku mbili aigonge tena na kukaza nati anaijua kazi yake. Anayesema imekwisha kabisa, mlipe, kisha umtafute mwingine.