Kazimoto na Ububu wa Moyo

Katika miaka ya mwanzo ya 1970, Peter Sifneos, tabibu wa maradhi ya nafsi huko Boston, Marekani, aliunda istilahi aleksithimia kutokana na maneno ya Kiyunani, kwa maana ya kukosa maneno ya kusemea hisia. Mwenye hali hiyo huona taabu kuzitambua hisia zake na kuzieleza. Mawazo yake huelekea mambo ya nje, na njozi zake huwa haba. Wachunguzi wa baadaye wameihusisha na haiba yenye wasiwasi mwingi na uchangamfu mdogo, na pia na tabia ya kuyakwepa matatizo badala ya kuyakabili. Hapa tutaiita ububu wa moyo.

Msomaji wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974, anaweza kushawishika kumpachika Kazimoto jina hilo. Kazimoto ni msomi asiyepatana na jamii yake. Anasukumwa na chuki baada ya Manase kumtia mimba dada yake Rukia, anamwoa Sabina, dada yake Manase, mtoto wao anafariki, mwishowe anajiua. Je, huyu si bubu wa moyo?

Kwa maoni yetu, sivyo. Riwaya inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Chuki yake anaijua kwa jina, na aliyeisababisha anamjua. Mawazo yake hayaelekei nje. Humrudia yeye mwenyewe kwa maswali juu ya maisha, Mungu na kifo. Hisia anaitambua, kuibeba ndiko kulikomshinda. Hapana budi mambo haya mawili yatenganishwe, maana mtu huweza kuutaja uchungu wake kwa ufasaha na bado asipate njia ya kuishi nao. Mhakiki anayemgeuza Kazimoto kuwa mgonjwa huifuta hoja nzito ya riwaya: je, elimu inayompa mtu macho ya kujiona humpa pia nguvu ya kuyastahimili anayoyaona?

Pana hatari nyingine inayotuhusu sisi wanalugha. Hojaji inayotumiwa sana kupima hali hii, ile ya Toronto yenye vipengele 20 iliyotolewa mwaka 1994, huhesabu kutatizwa na mambo yanayosikika mwilini kuwa mojawapo ya dalili zake. Lakini Mswahili husema kuwa maneno yamemkata maini, au kwamba yu roho juu. Asiyeijua lugha atadhani kuwa msemaji analalamikia viungo vyake. Kumbe msemaji hakukosa neno: hilo ndilo neno lenyewe, nalo lina hadhi sawa na huzuni, majonzi, simanzi na jitimai. Hojaji hiyo ikifasiriwa pasipo kulizingatia jambo hili, ububu utakaopimwa utakuwa wa mfasiri, wala si wa anayeulizwa.