Bomba la Udongo, Bomba la Hewa

Mfasiri wa maelezo ya Uingereza kuhusu kuhamisha bomba kuu la choo lipitalo ndani ya nyumba hukutana na jina lenye maneno matatu, na la kwanza ndilo limponzalo. Kamusini neno hilo ni udongo. Katika ufundi huu ni kinyesi. "Bomba la udongo" basi ni kosa maradufu, kwani msomaji wetu atafahamu bomba lililofinyangwa kwa udongo, nayo mabomba ya namna hiyo yapo kweli.

Wengine hukimbilia "bomba la hewa". Hili ni la hatari zaidi. Bomba lenyewe, ambalo kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 110, hupeleka chini uchafu wa choo, na ncha yake ya juu hutokeza paani ili kuingiza hewa. Hewa ikikosekana, maji yaporomokayo huyavuta hata yale yaliyotuama katika kipindo chini ya choo na beseni, harufu mbaya ikaingia nyumbani. Fundi aliyeambiwa kuwa ni la hewa tu, atachelea nini kulikata na kuliziba ili bafu lipate nafasi?

Twapendekeza "bomba la kinyesi na hewa". Twajua wapo watakaoona haya (neno hilo halisemwi mezani, ni kweli), lakini "maji machafu" hayatoshi: maji ya beseni nayo ni machafu, na bomba lake ni jembamba. "Bomba la hewa" libakie kwa sehemu ya juu pekee, isiyopitisha uchafu.