Wimbo umefika wapi? Kumsoma upya Mwana Kupona

MWANAFUNZI mmoja wa Kidato cha Tatu huku Bureti aliniuliza swali lililonifanya nikifunge kitabu kwa muda. Tulikuwa tunausoma Utendi wa Mwana Kupona. Nilikuwa nimezipita mbio beti za mwanzo, zile ambamo mama anamwita bintiye na kumwambia kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Haja yangu ilikuwa kufika upesi kwenye yale tunayoyaita maudhui: dini, adabu na utiifu kwa mume. Binti akainua mkono. "Mwalimu, sasa huyu mama alikuwa anatunga aje na ni mgonjwa hivyo?"

Darasa likacheka. Nikajibu kiwalimu kwamba alikuwa akitoa wasia kabla ya kufa, tukaendelea. Jibu hilo limo vichwani mwa wengi wetu. Nimelipima upya na naona lilikuwa jibu la mkato, tena lenye kosa.

Tuanze na tarehe. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate yapata mwaka 1810. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alifariki mwaka 1856. Utendi wenyewe unataja mwaka wa kutungwa kwake, 1275 wa Hijria, ambao ni 1858 kwa kalenda ya Miladia. Mtunzi anasemekana kufariki yapata 1860. Sasa piga hesabu. Kabla ya kutunga alikuwa ameugua mwaka mzima. Baada ya kutunga aliishi kama miaka miwili hivi. Ikiwa maradhi yalikuwa yale yale, basi huyu hakuwa mtu aliyekuwa anakata roho huku akisema maneno ya mwisho. Alikuwa mtu aliyeishi na ugonjwa siku nenda siku rudi, akaamka nao, akalala nao, na katikati ya hayo akatunga beti 102.

Tofauti hiyo si ndogo. Maneno ya mtu anayekufa tunayapokea kwa huzuni, wala hatuulizi yametengenezwa vipi. Kazi ya mtu anayeishi na ugonjwa ni kazi kama nyingine: ina mbinu, ina vipimo, ina maamuzi. Inastahili kuhakikiwa.

Utendi unatwambia nini kuhusu namna ulivyotungwa? La kwanza ni ukimya. Mtunzi anakiri kwamba katika mwaka huo wa kuugua hakupata nafasi ya kumwambia bintiye neno lolote la maana. Hapa tuwe waangalifu, maana kuna watu wanaopenda kusema ati mateso huzaa sanaa. Mwana Kupona hasemi hivyo. Anasema maradhi yalimnyamazisha. Utendi huu haukutoka kwa ugonjwa. Ulitoka pale ugonjwa ulipomwachia mwanya.

La pili ni wino na karatasi. Mama anamwambia binti asogee, aketi, aje na vyombo vya kuandikia, kwa sababu moyoni mna jambo analotaka kumwambia. Mara nyingi tunalichukulia hili kama pambo la kuanzia. Mimi naliona kama maelezo ya kazi. Anayetunga ni mmoja, aliye na kalamu ni mwingine. Binti huyo, Mwana Hashima, alikuwa na umri wa kama miaka 17, rika la wanafunzi wangu. Si msikilizaji tu. Ni mkono wa mtunzi. Na kwa kuwa yuko pale ameketi, sauti ya utendi inabaki ya mazungumzo: njoo, shika, sikiliza, nikupe hirizi uifunge. Nafsi ya pili haichoki kutajwa.

La tatu ni umbo. Utendi una beti za vipande vinne, kila kipande mizani 8, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina cha bahari kinachorudi ubeti baada ya ubeti. Mwana Kupona hakulibuni umbo hili; alilikuta. Lakini fikiria jinsi linavyomfaa mtu mwenye nguvu za kuhesabu. Ubeti mmoja unaweza kutungwa kichwani, ukafungwa kwa vina usipotee, ukangoja. Leo viwili, kesho vitano, kesho kutwa hakuna. Hiyo ni dhana yangu, lakini haigombani na chochote kilicho ndani ya maandishi.

Wahakiki wa utendi huu wamegombana sana kuhusu mume. Wapo wanaoona kwamba unamfunga mwanamke kamba. Wapo, kama Ann Biersteker, ambao wameutazama upya kwa jicho la lugha na mamlaka na kuona kwamba mambo si mepesi hivyo. Ni mjadala mzuri. Ila pande zote mbili zikimsahau aliyekuwa kitandani, zinapoteza kitu. Mjane mgonjwa anayemfundisha bintiye namna ya kuishi katika nyumba ya mtu mwingine anajua kwamba huenda hatakuwapo kumtetea. Mashauri yale ya utiifu, hata tukiyakataa, yana hofu ya mama ndani yake. Mwishoni anageuka kuomba dua, kisha anajitaja: jina lake, alikozaliwa, mwaka. Tena anawaalika wanawake wote wasome. Aliyeanza na msikilizaji mmoja chumbani amemalizia na hadhira nzima. Huo ni uamuzi wa msanii, na aliufanya akiwa mgonjwa.

Nimeyaelewa haya vizuri zaidi kwa sababu ya jirani yangu. Ni mama aliyechuma majani chai kwa miaka mingi, majani mawili na chipukizi, kapu mgongoni, na ni mtunzi wa nyimbo za kwaya. Sasa ana baridi yabisi. Anayeijua baridi ya asubuhi huku kwetu, kuanzia Kericho hadi Bomet, atajua maana yake: vidole havikunjiki mpaka jua lipande. Chai ameacha. Kuandika pia ni taabu. Lakini nyimbo hajaacha. Zile saa za asubuhi ambazo viungo vimekataa, analala akitafuta maneno na kuyapima kwa sauti ya chini. Jioni mtoto akirudi shuleni, anamwimbia, na mtoto anarekodi kwa simu. Wimbo mmoja unaweza kuchukua miezi miwili. Zamani, ananiambia, alikuwa na beti nyingi na kiitikio kirefu. Siku hizi beti ni chache, na kiitikio amekifupisha ili kwaya ikishike upesi, kwa maana hawezi kwenda mazoezini kila mara kuwarekebisha.

Nilimwambia, "Pole sana, mama." Akanitazama, akacheka kidogo. "Mwalimu, kila mtu akija hapa ni pole, pole. Hakuna anayeniuliza wimbo umefika wapi."

Nilitoka pale nikijua kwamba nami ndivyo nilivyomfanyia Mwana Kupona darasani. Nilimpa pole, nikapita.

Msanii kubadilisha mbinu kwa sababu mwili umebadilika si jambo la kwetu peke yetu. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941, na baadaye akawa mtu wa kitandani na kiti cha magurudumu. Aliongeza kazi ya mkasi. Wasaidizi walipaka karatasi rangi, yeye akazikata maumbo, wao wakazibandika ukutani kwa maelekezo yake. Leo watu hawasemi kwamba hizo ni kazi za mzee mgonjwa. Wanasema ni hatua mpya katika sanaa yake. Wasaidizi wa Matisse, binti wa Siyu na mtoto mwenye simu huku kwetu wanafanya kazi ya aina moja.

Lugha yenyewe inatusaidia hapa. Tunasema ugonjwa sugu tukimaanisha usiopona upesi. Lakini sugu ni ile ngozi ngumu inayoota mahali panaposuguliwa kila siku: kiganjani mwa mwenye jembe, vidoleni mwa mchuma chai, pajini pa mwenye kusali. Sugu ni alama ya kuzoeana na kitu kigumu. Haipendezi, haikuombwa, lakini mkono wenye sugu bado ni mkono unaofanya kazi. Nadhani huo ndio mwanzo mzuri wa kuzihakiki kazi za watunzi wanaougua. Tusiufiche ugonjwa, maana umeacha alama katika kazi. Tusiuabudu pia, maana haukuandika hata ubeti mmoja.

Kwa walimu wenzangu, ombi ni dogo. Mkifika kwenye beti za mwanzo za Mwana Kupona, msizipite mbio. Waulizeni wanafunzi nani anashika kalamu, nani anasema, na kwa nini sauti ni ya mtu aliye karibu hivyo. Huenda darasani mna mtoto ambaye jioni atarudi nyumbani kumshikia mtu kalamu, na hajawahi kuambiwa kwamba kazi hiyo imo katika fasihi yetu tangu 1858.

Yule binti aliyeniuliza swali nimemjibu upya wiki hii. Nimemwambia alitunga polepole, kwa msaada, siku alizoweza. Akaandika. Kisha akauliza, "Na huyo binti yake alilipwa?" Hilo, wapenzi wa lugha, bado sijalijibu.